Mkono wa Kaka

Asubuhi ile Hemedy alinipa mkono wake mbele ya watu wote waliokuwa pwani ya Salale, na mimi badala ya kufurahi nikatamani kulia.

Najua utasema, huyu Warda ana wazimu. Mwanamume unayempenda anakupa mkono ushuke kwenye boti, unalia nini? Ngoja kwanza nikwambie. Tangu nilipopangiwa kazi huku delta, Hemedy ndiye nahodha wa boti ya mradi wetu, na hakuwahi hata siku moja kunigusa. Nikitaka kushuka kwenye tope ananinyooshea upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia boti maji yakiwa machache. Mimi nashika ncha hii, yeye ameshika ile, tunatazamana, tunaona haya, nashuka. "Mkono wangu utaupata siku ukiwa halali yako," aliniambia mara moja, na wiki ile yote nilikuwa nacheka peke yangu njiani kama mwehu.

Sasa mkono nimepewa, na harusi hakuna. Nimepewa kwa sababu mimi ni dada yake.

"Karibu, dada," akasema, macho yake kwenye mikoko.

"Ahsante, kaka."

Lilinitoka kwa shida hilo neno. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu, wenye sugu za kamba, vilevile nilivyokuwa nikiuwaza, na aliniachia haraka kuliko mtu aliyeshika chungu cha moto jikoni.

"Hemedy, hata kunitazama huwezi?"

"Nikutazame kama nani?" Alikuwa akifunga kamba ya boti, fundo ambalo hulifunga amefumba macho, leo limemshinda. "Warda, nimepata kazi Kilwa. Boti ya watalii. Kesho naondoka."

"Kesho? Na ulikuwa uniambie lini?"

"Ndiyo nakwambia. Siwezi kukupandisha na kukushusha humu kila wiki nakuita dada. Mimi si jiwe."

"Na mimi ni jiwe?"

Akarudi kwenye fundo lake. Nikachukua mkoba wangu, nikavua viatu, nikapita kwenye tope nikiwa nimeuma meno. Mtu akikuudhi na ukampenda palepale, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Mambo yalivyofika huko ni hivi. Mimi ni mtoto wa mradi. Zamani watu wa utafiti walikuja huku wakawaandikisha wanawake wajawazito, wakawafuata tangu mimba mpaka uzazi, wakafuata na watoto, kuwapima, kuwauliza wanakula nini, wanaumwa nini, mpaka leo watoto wenyewe tuna ndevu na matiti na bado wanatufuata. Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wajawazito. Alinizaa hapahapa Salale, akafariki siku ileile, Mungu amrehemu. Baba, mzee Amri, hakuwa na la kufanya na kichanga. Akanikabidhi kwa mwanamke jirani aliyekuwa na mtoto mchanga wake, mpaka nilipoanza kutambaa ndipo shangazi yangu Semeni akaja kunichukua, tukahamia Kibiti. Huku walikuwa wakiniita Tabu. Shangazi akasema mtoto hatakua na jina hilo nyumbani kwake, akaniita Warda. Baba naye alikwenda zake Ngarambe kulima, akaoa huko.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kuna mama fulani wa delta aliyeninyonyesha. Jina lake sikuwahi kuuliza, na shangazi hakuwahi kulitaja. Nikasoma, nikaajiriwa na mradi uleule, nikawa mimi ndiye ninayewauliza kina mama maswali. Nikakutana na Hemedy. Tukapendana.

Mwezi uliopita wakaleta posa Kibiti. Mashemeji wa mama yake wamekaa kwenye mkeka na kanzu zao, Maalim Khamisi kaletwa kusema maneno mazuri, na mama Hemedy, Bi Mwanahawa, kaketi pembeni na buibui lake jipya. Mimi nimejificha chumbani nachungulia. Shangazi akatoka na sinia la kahawa na kashata. Alipomwona Bi Mwanahawa, sinia likaenda chini.

"Yallah! Mama Hemedy! Si wewe uliyemnyonyesha mtoto wa marehemu wifi yangu? Tabu si ndiye huyu Warda!"

Bi Mwanahawa aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Maalim Khamisi akafunga mswaki wake kwenye leso, akainuka. "Jamani, hapa hakuna posa. Ziwa moja, undugu mmoja. Hawa kuoana ni haramu." Wakaondoka, kashata zimetapakaa sakafuni, na mimi chumbani nimeuma kanga nisipige kelele.

Sasa msimu huu mradi unawazungukia tena kina mama wa kwanza kabisa. Nilimwomba msimamizi wangu anipangie kwingine, akasema mwenzangu yuko Chumbi na hana mtu mwingine. Na jina la juu kabisa kwa Salale lilikuwa la nani? La Bi Mwanahawa. Nikasema potelea mbali, kazi ni kazi.

Nyumba yao iko ukingoni mwa shamba la mpunga. Uani nilimkuta bibi mmoja kikongwe, mgongo umepinda lakini macho makali, anapima mchele kwa kopo kuukuu lililoota kutu, anaumwaga kwenye ungo kwa mdundo.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mradi? Karibu. Mimi ndiye Bi Mwanawetu, mama wa marehemu baba yake Hemedy. Mgeni halali njaa hapa, naongeza kopo jingine." Akaongeza kweli. "Mwanahawa! Watu wako wamekuja!"

Bi Mwanahawa alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliponiona alishika kizingiti. Amekonda, masikini, tangu siku ile ya posa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitandikia mkeka, na bibi naye akavuta kigoda chake akakaa katikati yetu, tayari kabisa, kama anayesubiri ngoma ianze.

Kitu cha kwanza tunachofundishwa kwenye kazi hii, kabla hata ya kushika kishikwambi, ni hiki: mama mkwe akiwepo, usiulize kitu. Wazee wetu wa mradi zamani hawakulizingatia sana hilo. Walikuwa wakikaa sebuleni ukoo mzima unasikiliza, wanauliza, mtoto ananyonya? Ananyonya. Kuna kingine anapewa? Hakuna. Ahsante, mwezi ujao. Nani angejibu vingine, na mkwe ametega masikio?

"Bibi," nikasema kwa adabu zote, "uniwie radhi. Maswali haya ni ya mama peke yake."

"Na mimi si mama?"

"Wewe ni bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ana mdomo huyu mtoto! Haya, nakwenda kufukuza ndege, wameshatafuna nusu ya mpunga wangu." Akaokota fimbo yake akaenda zake kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Punde nikamsikia anawatukana ndege.

Tukabaki wawili. Nikawasha kishikwambi, nikakizima.

"Mama, mimi leo sikuulizi ya mradi kwanza. Nakuuliza yangu."

"Uliza, mwanangu."

Ningeweza kumuuliza, ni kweli ulininyonyesha? Angenijibu ndiyo, nami ningeondoka. Lakini nimewauliza kina mama wengi, na ninajua kwamba mtu ukimuuliza kwa jibu unalolitaka atakupa hilohilo ili umwache apumzike. Sisi hatuulizi hivyo. Tunasema, nisimulie jana yako. Kwa nini niliuliza hivyo siku ile, sijui. Labda nilitaka tu kusikia kwamba kulikuwa na mtu aliyenipakata.

"Nisimulie siku moja nilipokuwa kwako. Yoyote. Tangu asubuhi. Nikiamka nalia, wewe unafanya nini?"

Akachukua ncha ya kanga akaanza kuisokota.

"Ukilia..." Akaisokota tena. "Ukilia naamka, nachochea moto. Nakubandikia maji."

"Maji ya nini, mama?"

Kanga ikasokotwa mpaka mwisho.

"Mama? Mtoto analia anataka ziwa. Maji ya moto ya nini?"

Hapo Bi Mwanahawa akaanza kulia. Kilio cha kimya, machozi yanashuka tu, mabega yanatikisika. Nikasogea nikamshika mikono.

"Hujawahi kuniuliza wewe," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku ile Kibiti shangazi yako alisema, maalim akasema, mashemeji zangu wakasema. Kila mtu alisema. Mimi nani aliniuliza?"

"Mimi nakuuliza sasa."

Alitazama upande wa dungu, akashusha sauti. "Sikuwa na maziwa, Warda. Hata tone. Kabla hujazaliwa wewe nilipata jipu la ziwa, likavimba, likatumbuka, homa siku nyingi, na lile la pili nalo likakauka. Hata Hemedy mwenyewe nilikuwa nampa maziwa ya kopo. Baba yake alikuwa anayafuata Kibiti dukani kwa Hiralal, analeta kwenye kiroba, juu kaweka mchele ili mtu asione. Wewe na yeye mmekunywa kopo tu. Sikukunyonyesha, mwanangu. Ningependa, lakini sikuwa nacho."

Nilimsikia, nikaomba kumsikia tena. "Hata mara moja?"

"Wallahi, hata mara moja. Kovu hili hapa." Akafunua upande wa gauni, akanionyesha: kovu pana, limejikunja, la zamani. "Tazama uwe shahidi."

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini ukanyamaza miaka yote?"

"Wewe ni mtoto wa Kibiti, hujui za huku. Mwanamke ziwa likimkauka na mtoto akadhoofu, watasema nini? Watasema kambemenda mtoto. Watasema katoka nje ya ndoa, ndiyo maana maziwa yameharibika. Hemedy alikuwa mdogo, mbavu zinahesabika. Mama mkwe wangu pale sebuleni, watu wa mradi wanakuja na mizani yao, wananiuliza mbele yake ananyonya? Nikasema ananyonya. Ulipokuja wewe wakauliza, na huyu? Nikasema ananyonya. Mji mzima ukanisifu, Mwanahawa kanyonyesha yatima. Ningesemaje baada ya hapo? Mume wangu peke yake ndiye aliyejua, na amekwenda nayo kaburini."

"Na Hemedy? Mwanao anaondoka kesho kwenda Kilwa!"

"Kilwa?" Akaruka. "Nani kasema?"

"Kaniambia mwenyewe. Hakukwambia?"

Akaweka mikono kichwani. "Ya Rabi! Nilikuwa natafuta mlango wa kuanzia. Kila nikimwita nimwambie, ulimi unakuwa mzito. Mtoto wa kiume unamwanzaje habari ya ziwa lako? Na bibi yake akisikia..."

"Bibi yake kasikia nini?"

Tukageuka wote. Bi Mwanawetu amesimama nyuma yetu, fimbo mkono mmoja, kopo mkono mwingine. Alikuwa amefuata mchele wake. Bi Mwanahawa akavuta gauni lake haraka kufunika kovu.

"Mama..."

"Nyamaza. Kwanza mimi niulize. Mwezi mzima nyumba hii mnanong'ona. Mjukuu wangu hali, halali. Nikiuliza posa imekuwaje, naambiwa watu wa Kibiti wamekataa. Kibiti gani imemkataa Hemedy? Leo naambiwa nini? Wewe mwenye mdomo, sema!"

Mwenye mdomo ni mimi. Nikakusanya ujasiri, nikamwambia yote: kwamba mchumba mwenyewe ni mimi, kwamba mimi ndiye yule Tabu, kwamba posa ilivunjwa kwa sababu tunadhaniwa ni ndugu wa kunyonya. Jipu na makopo sikuyataja. Hiyo haikuwa siri yangu.

Bibi alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Tabu. Wewe ndiye Tabu." Kisha akamgeukia mkwewe, na jicho alilomtolea lilinitisha hata mimi. "Mwanahawa. Mmemnyima mjukuu wangu mke kwa ajili ya ziwa? Ziwa lipi? Hukuwa na ziwa!"

Bi Mwanahawa akavuta kanga mpaka usoni.

"Mlidhani mimi kipofu? Makopo mkinywesha watoto, matupu mnayafukia nyuma ya choo. Mvua ikinyesha yanafumuka, mimi nayaokota. Hiki hapa ni nini?" Akaliinua lile kopo la kupimia mchele. "Napimia humu tangu mjukuu wangu hajaota meno. Umekula mchele uliopimwa kwa kopo hili miaka yote, Mwanahawa, hukujiuliza mimi nililipata wapi?"

"Ulijua?" Sauti ya Bi Mwanahawa ilikuwa kama ya mtoto. "Mama, ulijua, na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Niwape watu maneno? Nilikuona unavyougua lile jipu, unajificha nisikuone umeuma meno. Nikasema huyu anajistiri, na mimi nimstiri. Mwanamke anayeamka kuchemsha maji kwa ajili ya mtoto wa marehemu, nimwite mzinzi?" Akamkalia pembeni, goti kwa goti. "Mjinga wewe. Ungeniambia, ningekuchemshia maji mimi ukalala."

Bi Mwanahawa alimwangukia mkwewe mapajani akalia tena, safari hii kwa sauti. Bibi akampigapiga mgongoni na lile kopo, tena bila huruma sana. Na mimi je? Mimi nilikuwa nalia na kucheka, kamasi na machozi, kishikwambi cha mradi kiko chini kwenye mchele.

"Lakini bibi," nikasema, maana mimi wasiwasi ndiyo asili yangu, "maalim atasemaje? Tumekunywa kopo moja."

"Kama kopo linaleta undugu, basi nusu ya Kibiti ni ndugu zako, utaolewa na ndege hawa wa mpunga. Simu unayo? Mpigie huyo shangazi yako mvunja sinia."

Mtandao Salale unaupata ukisimama karibu na kisima. Nikasimama hapo, nikaweka sauti kubwa. Shangazi alipopokea hata salamu hakupewa. Bibi alimsimulia mwanzo mpaka mwisho, Bi Mwanahawa akaongeza kwa kiapo, hata nikadhani laini imekatika.

"Shangazi? Upo?"

"Nipo." Alikuwa analia. "Warda, nisamehe. Mimi nilikuona umenenepa mikononi mwake, nikajua tu. Sikuona kwa macho yangu."

"Basi umwambie maalim hivyohivyo," bibi akafoka. "Kwamba hukuona! Na kama ana shaka aje, mimi na kopo langu tupo."

"Namwita sasa hivi. Naye si mtu mbaya, ni mwoga wa dhambi tu." Halafu shangazi Semeni, katikati ya machozi yake, akapiga kigelegele cha kupasua spika ya simu, na wanawake waliokuwa kisimani wakamjibu bila hata kujua wanashangilia nini.

Kabla ya kuondoka nilimshika Bi Mwanahawa mkono. Kulikuwa na kitu kimenibana.

"Nilizoea kuwa na mama wa kuninyonyesha," nikamwambia. "Leo nimempoteza."

"Nilikulea," akasema. "Ulikuwa hulali ila kifuani kwangu. Ziwa ndilo lililokosekana, mwanangu, kifua kilikuwepo." Akanifuta uso kwa kanga yake. "Nenda kamzuie mwenzio. Mimi nikimwambia nitalia tena."

Bibi alisema ananisindikiza, na kikongwe yule alinitangulia kwa mwendo. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Hemedy amesimama ndani ya boti, uso umemnywea, ananyoosha mkono anipandishe, ule mkono wake wa kaka.

"Fanya haraka, dada, maji yanatukimbia."

Bibi akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka ng'ambo:

"We Hemedy! Rudisha mkono huo! Dada yako nani hapa? Unamshikaje mtoto wa watu na hujamuoa?"

Hemedy alimtazama bibi yake. Akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa, akaniona ninavyocheka na macho mekundu.

"Warda, bibi anasema nini?"

"Anasema Kilwa huendi."

"Sielewi."

"Mimi sikunyonya ziwa la mama yako, hata mara moja. Mama kaapa, bibi anajua, shangazi kampigia maalim. Mengine atakusimulia mama mwenyewe, umsikilize vizuri na usimkatize. Hemedy, mimi si dada yako. Sijawahi kuwa dada yako."

Alikaa kitako kwenye ubao wa boti, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nikasikia anasema alhamdulillahi, tena na tena. Sikumwendea. Nilisimama kwenye tope na viatu mkononi, nikamsubiri, kwa kuwa sasa kusubiri kulikuwa na maana.

Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Mkono wake wa kulia ukaanza kuja kwangu wenyewe, nikauona unakuja, na yeye akauona. Akaurudisha nyuma haraka, akauficha mgongoni kama mwizi. Kisha akainama, akaokota upondo, akaninyooshea ncha.

Nikaushika. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa mkono nikafurahi namna ile.